Pine ya nyuma inabeba kilo ngapi? Namna ya kuchagua mapine ya pikapu ya koperative

Mpunga ukisha kukauka na kupimwa, kazi bado haijaisha. Kutoka Luvungi ao Kamanyola mpaka masoko ya Bukavu kuna ile milima ya Ngomo ku barabara ya taifa namba 5, na koperative nyingi za tambarare ya Ruzizi zinaipanda na gari moja tu: pikapu, mara nyingi Toyota Hilux ya okazioni, iliyonunuliwa kwa michango ya wanachama ao iliyoletwa na mradi. Mweka hazina wa koperative akifungua daftari lake, baada ya mafuta ya gari atakuonyesha mapine.

Na ginsi tunavyoyanunua ni hii: mtu mmoja anatumwa mjini, anapewa feza na kipande cha karatasi kimeandikwa «205 ya 16». Muuzaji anamtolea mbili tatu. «Baba, kamata hii, iko nguvu sana, angalia meno yake!» Yeye anaangalia meno, anaangalia bei, anakamata ile ya bei ya chini, anarudi. Hakuna mtu aliyeuliza kilo. Ni sawa na kununua mbegu kwa kuangalia uzuri wa mfuko.

Wakati pine inapasuka ku mteremko, watu wanasema ni jiwe, ao ni shofere, ao ni bahati mbaya. Mara nyingine ni jiwe kweli. Lakini mara nyingi pine ile ilikuwa imekwisha kushindwa tangu siku iliponunuliwa, kwa sababu namba yake ya mzigo ilikuwa ndogo kuliko kazi tuliyoipa. Namba hiyo iko wazi ku ubavu wa kila pine, na mwanachama yeyote anayejua kusoma mzani wa mpunga anaweza kuisoma.

Namba iko wapi na inasema nini

Chuchumaa pembeni ya gari, pangusa matope. Utakuta maandishi kama haya: 205R16C 110/108S. Tuyapasue kidogo kidogo.

205 ni upana wa pine kwa milimita. R ni aina ya pine, radiali, na karibu mapine yote ya magari madogo ya leo ni hivyo. 16 ni kipimo cha janti kwa inchi. Herufi C inayofuata inasema kwamba pine ilitengenezwa kwa magari ya kubeba mizigo, siyo kwa taksi. S ya mwisho ni mwendo, kilometa 180 kwa saa. Huo mwendo ku Ngomo hakuna atakayeufikia, tuuache.

Iliyobaki ndiyo yenye maana: 110/108. Hiyo 110 si kilo 110, wala si presha. Ni namba ya orodha moja inayotumiwa dunia nzima, na kila namba iko na kilo zake. Kata kipande hiki cha gazeti, kibandike ndani ya gari:

94 ni kilo 670
98 ni kilo 750
104 ni kilo 900
106 ni kilo 950
108 ni kilo 1000
109 ni kilo 1030
110 ni kilo 1060
112 ni kilo 1120
116 ni kilo 1250
121 ni kilo 1450

Kilo hizo ni za pine moja, siyo za gari nzima. Na kama kuna namba mbili zenye mkwaju katikati, wewe mwenye pikapu soma ile ya kwanza. Ya pili ni kwa magari yenye mapine mawili yaliyofungwa pamoja upande mmoja, kama malori. Hapo kila pine inahesabiwa kilo kidogo zaidi ya chini, kwa kuwa mawili yale hayagawani mzigo sawasawa siku zote.

Sasa angalia mtego. Ku duka moja unaweza kukuta pine ya 215/65R16 yenye namba 98, na pembeni yake 215/65R16C yenye namba 109/107. Upana ni ule ule, janti ni ile ile. Ukizisimamisha pamoja, macho hayaoni tofauti kubwa. Lakini ya kwanza inabeba kilo 750, ya pili kilo 1030. Tofauti ni kilo 280 kwa kila pine, karibu magunia matatu ya kilo mia. Hata ile «205 ya 16» ya karatasi yetu inapatikana kwa namba 104 na kwa namba 110. Kwa hiyo karatasi ya kununulia isiandikwe saizi peke yake. Iandikwe saizi na namba ya mzigo, yote mawili, na anayetumwa asikubali «ni sawa tu».

Muuzaji atakutajia pia 6PR, 8PR, 10PR. Zamani namba hiyo ilihesabu tabaka za nyuzi za pamba zilizokuwa ndani ya pine. Siku hizi nyuzi ni za namna nyingine, zenye nguvu zaidi, na pine ya 8PR haina tabaka nane. Jina limebaki kama kipimo cha nguvu. Mapine yaliyotengenezwa kwa utaratibu wa Marekani, yale yanayoanza na herufi LT, yanatumia herufi kwa jambo lile lile: C ni 6PR, D ni 8PR, E ni 10PR. Hapo kuna C mbili zisizo na uhusiano: ile ya 205R16C ni ya gari la mizigo, na ile ya mapine ya LT ni ya 6PR. Ukichanganyikiwa, rudi ku namba ya mzigo, hiyo haina utata.

Tafuta pia herufi E ndani ya duara ndogo, na namba pembeni yake. Ni alama ya kuonyesha kwamba aina hiyo ya pine ilipimwa kufuatana na kanuni za Umoja wa Mataifa. Pine isiyo na alama hiyo wala maandishi ya DOT ya Marekani, ambayo imeandikwa tu namba kubwa na jina ambalo hakuna mtu amelisikia, mimi singeifunga nyuma.

Hesabu inaanzia nyuma ya gari

Watu wanagawa uzito wa gari kwa nne. Hiyo ni kosa. Mzigo wa pikapu hauendi ku mapine manne sawasawa. Sanduku la kupakiza liko juu ya ekseli ya nyuma, na sehemu yake inatokea nyuma zaidi ya ekseli. Karibu mzigo wote unakaliwa na mapine mawili ya nyuma. Magunia yakijaa mpaka mlango wa nyuma, mbele ya gari inakuwa nyepesi kuliko ilivyokuwa tupu, na shofere anasikia usukani umelegea.

Fungua mlango wa gari, angalia ku nguzo ya mlango ao ndani ya boneti. Kuna plaketi ya kiwanda. Magari mengi yanaandikwa uzito wa mwisho wa gari pamoja na mzigo, halafu uzito wa mwisho wa ekseli ya mbele, halafu wa ekseli ya nyuma. Kila gari iko na zake, kwa hiyo usikope namba za jirani. Kwa mfano tu, tuseme plaketi inaonyesha jumla kilo 2900, ekseli ya mbele 1350, ekseli ya nyuma 1700. Tuseme tena kwamba gari tupu, na shofere na mafuta, ni kilo 1950, na kati ya hizo kilo 850 ziko nyuma.

Ruhusa ya mzigo ni 2900 toa 1950, yaani kilo 950. Magunia 8 ya kilo mia na watu wawili ndani ya kabini, tumefika. Nyuma kutakuwa karibu kilo 1700, ndiyo mwisho wake. Gawa kwa mbili: kila pine ya nyuma inabeba kilo 850.

Mtu atasema: basi pine ya 104, yenye kilo 900, inatosha, tena inabaki na kilo 50. Ku karatasi, ndiyo. Lakini barabara yetu si karatasi. Pale ambapo mvua imekula upande mmoja, gari inalala. Ikilala kiasi kwamba pine ya upande wa chini inachukua sehemu 60 ya mia, ile pine haibebi tena 850, inabeba 1020. Hapo pine ya 104 imekwisha kupita mpaka wake kwa kilo 120, na hatujataja bado shimo wala jiwe, ambalo linapiga pine kwa nguvu zaidi ya uzito wenyewe uliotulia. Pine ya 110 iko bado na kilo 40 za akiba. Na kupanda kunaongeza: ku mlima mkali uzito unasukumwa nyuma, na mpunga wa tambarare unaenda Bukavu kwa kupanda.

Kama pine hiyo ya 104 ni ya gari ya abiria, isiyo na C wala LT, mambo ni mabaya zaidi. Kanuni za Marekani zinataka pine ya gari ya abiria ikifungwa ku gari ya mizigo, kilo zake zigawanywe kwa 1,1. Kilo 900 zinakuwa 818. Hapo haifiki hata 850 ya barabara iliyonyooka.

Kwa hiyo kanuni ninayoipendekeza ni hii: kamata kilo za ekseli ya nyuma za plaketi, gawa kwa mbili, ongeza sehemu ya tano. Kwa mfano wetu, 850 na 170 ni 1020. Namba ya kwanza inayopita hapo ni 109, na 110 ndiyo inayopatikana kwa urahisi ku saizi ya 205R16C. Tumemaliza kuchagua, bila kuangalia meno.

Na magunia 15?

Hapa ndipo wasomaji watacheka, kwa sababu hakuna mtu anayepakiza magunia 8. Tunapakiza 15, na juu ya magunia wanakaa watu watano, mmoja na mbuzi.

Tufanye hesabu ile ile. Magunia 15 ni kilo 1500. Watu watano, tuseme kilo 65 kila mmoja, ni 325. Karibu yote iko nyuma. Ongeza zile 850 za gari tupu, nyuma kuna zaidi ya kilo 2600. Kila pine inabeba zaidi ya kilo 1300 gari ikiwa imesimama ku udongo ulionyooka. Pine ya 110 imepitwa kwa kilo 240 na zaidi.

Wengine wanajibu: tununue basi 121, kilo 1450, 10PR, tumalize maneno. Pine hiyo itashika, ni kweli. Lakini pine haiongezi nguvu ya gari. Ekseli ilipewa 1700, na sasa iko na 2600. Janti ni ile ile, boliti za gurudumu ni zile zile, resori ni zile zile, na freni, ambazo zinapaswa kusimamisha gari hiyo ku mteremko wa Ngomo wakati wa kurudi na simenti ao mbolea, ni zile zile. Pine ikikataa kupasuka, kitu kingine ndicho kitaachia, na kati ya hivyo vyote pine labda ndiyo ingekupa onyo mapema kwa kuwaka moto. Akiba ya kilo tuliyoinunua ni kwa ajili ya mashimo na barabara iliyolala. Ukiijaza magunia, umeila.

Pine ya 10PR iko na kazi yake, sitaki kuitukana. Ubavu wake mara nyingi ni mnene zaidi, na kwa barabara za mawe makali, kama zile za machimbo ao milima ya juu, inalipa bei yake. Lakini ni nzito, ni ghali, inataka presha kubwa, na gari ikiwa tupu inarukaruka kama mbuzi.

Kilo za pine ni za pine iliyojaa

Namba ya mzigo ni ahadi yenye sharti. Sharti ni presha. Pine ya 110 inabeba 1060 wakati presha iko ku kipimo chake cha mwisho, kilichoandikwa ku ubavu. Kwa mapine mengi ya C ya 8PR kipimo hicho ni karibu bar 4,5, sawa na psi 65. Fundi wetu wa mapine, yule tunamwita kwado, anahesabu kwa «kilo»: kilo nne na nusu ni karibu sawa na bar 4,5.

Sasa muulize kwado alijaza ngapi. Mara nyingi utasikia «mbili na nusu», kwa kuwa ndiyo anayojazia magari yote yanayopita. Kwa bar 2,5, pine ya 110 haibebi tena kilo 1060. Inashuka mpaka karibu kilo 700 ao chini yake. Umelipa bei ya 110 na unatembea na pine dhaifu kuliko 98 iliyojazwa vizuri. Kwa maoni yangu hii ndiyo inaua mapine mengi kuliko mawe yote ya Kivu ya Kusini.

Namna inavyoua ni kwa joto. Pine yenye presha ndogo inakunjika ubavu kila mara inapozunguka, na kukunjika kunatengeneza joto ndani ya mpira na nyuzi. Shofere haoni kitu. Kilometa 10, kilometa 30, nyuzi zinaachana na mpira, halafu siku moja ubavu unafunguka wote, na inaweza kuwa siku ambayo mzigo ni mdogo. Kukimbia kunaongeza joto. Kwa hiyo ku tambarare kati ya Luvungi na Kamanyola, pale barabara ni nzuri na jua ni kali, ndipo pine dhaifu inaharibikia, hata kama inakuja kupasukia juu mlimani.

Presha ipimwe asubuhi, kabla gari haijatembea. Pine ya moto inaonyesha presha kubwa kuliko ile yake ya kweli, na shofere anayetoa hewa mchana kwa kuona manometa imepanda, anaitengeneza vibaya. Manometa ya mkono si kitu cha bei kubwa, na pompi ya mguu ao ya betri pia inafaa ikae ndani ya gari. Mwenye pompi anaweza kujaza bar 4 ao zaidi kabla ya kupakiza, na kupunguza wakati gari inarudi tupu ama inapita matope, halafu kuongeza tena. Kiasi gani kwa mzigo gani, plaketi ya mlango ndiyo ya kufuata, mara nyingi inaonyesha presha ya gari tupu na ya gari iliyojaa. Lakini angalia: hiyo ni kwa saizi ya mapine ya kiwanda.

Jambo moja dogo juu ya vali: vali za mpira za kawaida mwisho wake ni kama bar 4,5. Ukinunua mapine yanayotaka zaidi ya hapo, mwambie fundi aweke vali za chuma.

Mapine ya okazioni

Wengi wetu tunanunua mapine yaliyotembea Ulaya. Si dhambi, ila angalia tarehe. Mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT kuna tarakimu nne: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira unazeeka hata kama umelala ndani ya depo. Kunja ubavu kwa vidole, tafuta nyufa ndogo ndogo. Ingiza mkono ndani, tafuta kiraka. Kiraka ku meno kinaweza kukubalika, ku ubavu hapana. Pine ya 110 yenye ubavu ulioshonwa haina tena haki ya kuitwa 110.

Kama feza haitoshi kwa manne, nunua mawili mapya yenye namba inayofaa, yafunge yote mawili nyuma. Ni afadhali kuliko manne ya 98. Usichanganye namba mbili tofauti ku ekseli moja.

Nani anasema basi?

Shofere anajua gari imejaa. Lakini mwenyekiti akimwambia «kijana, ongeza tu magunia mawili ya mama huyu», atakataa vipi? Ndiyo maana idadi ya magunia inapaswa kuamuliwa na kamati, iandikwe ku kitabu cha gari na ku mlango wa nyuma kwa rangi: magunia 8, basi. Hapo shofere hatakataa kwa mdomo wake, ataonyesha mlango.

Swali litakalokuja ku mkutano ni feza: safari mbili za magunia 8 zinakula mafuta kuliko safari moja ya 15. Ni kweli, na lisifichwe. Mweka hazina aweke pembeni bei ya mafuta ya safari ya pili, na upande mwingine bei ya pine, ya resori, ya siku gari inalala njiani na mpunga unapata mvua. Koperative mbalimbali zitapata majibu mbalimbali. Zingine zitaona ni afadhali kukodi lori mara moja kwa wiki, kwa kuungana na jirani, na kuacha pikapu ifanye mizigo midogo na safari za haraka. Lakini hesabu hiyo isiweke watu juu ya magunia. Wale watu watano na mbuzi hawako ndani ya daftari, na pine ikipasuka ku kona ya Ngomo, wao ndio wanaotangulia kuanguka.

Kabla ya mkutano, mtu mmoja atoke na kitambaa na kalamu, aandike namba ya mzigo ya kila pine, pamoja na ile ya akiba. Pine ya akiba husahauliwa, na ndiyo itakayofungwa nyuma, usiku, gari ikiwa imejaa.